Anzia Kwenye Ndoo

Shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi. Nawaona vijana mmejazana nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, leo kuna vitu vya kutazama.

Hapa mezani kuna ndoo tatu. Maua yaliyomo ni ya mmea mmoja wa porini, yamekatwa kwenye kilima kimoja, asubuhi moja, siku sita zilizopita. Ndoo ya kwanza ni msiba: vichwa vimelala, majani yamekuwa ya kahawia, maji yananuka. Ya pili ina maua yaliyochoka, ingawa bado ungeweza kumpelekea mgonjwa bila kuona haya. Ya tatu, mtu asiyejua angeapa kwamba yamekatwa jana. Mmea wenyewe sitautaja jina. Sababu ninayo, na tutaifikia.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulichukua ua la porini na kulifanya zao la maua ya kukata. Mimi huita kazi hii kufuga. Najua neno hilo ni la ng'ombe na kuku, lakini nalipenda, kwa sababu mnyama wa porini hafugiki kwa kamba peke yake. Ni lazima ujue anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Mmea ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba haulii unapoudhika. Unanyauka tu, nawe unabaki kukisia.

Wengi wetu huanza na jembe. Unapita njiani, unaona ua limesimama peke yake kwenye nyasi kama bibi harusi, unalichimba, unalipeleka nyumbani. Likifa, unasema maua ya porini hayalimiki. Likipona, unapanda robo eka, unangoja mwaka, unakata, unapeleka sokoni, na siku ya pili mnunuzi anapiga simu sauti ikiwa juu. Mwaka mzima umekwenda kwa jambo ambalo ungelijua kwa wiki moja na ndoo moja. Kwa hiyo kata mashina ishirini porini, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, yatie majini, kisha kaa nayo. Kama hayafikishi siku saba hata ukiyabembeleza, huo si mmea wa biashara hiyo, hata uwe mzuri wa kukutoa machozi.

Kuna sababu kwa nini maua mengi ya porini hushindwa mtihani huu. Ua halikuumbwa kukaa mezani. Kazi yake ni kumwita nyuki, kupata chavua, kutengeneza mbegu, basi. Kwenye mimea mingi, mara tu ua linapochavushwa hujifunga lenyewe, petali zikalegea, kwa sababu halina haja tena ya kuvutia mgeni. Ndiyo maana mkataji mzoefu hukata matumba yaliyoanza tu kuonyesha rangi, kabla nyuki hajabisha hodi.

Sasa tuzirudie ndoo zetu. Mashina ya ndoo ya kwanza yalikatwa sawa na wenzake, ila yakaachwa yamelala juani hadi saa sita, kisha yakatiwa kwenye ndoo iliyokuwa imebeba mbolea. Shina likikatwa, mishipa yake ya maji huvuta hewa, na kiputo cha hewa ndani ya mshipa mwembamba hukaa kama kizibo. Juu ya hapo wakaja bakteria, wakazaana, wakaziba midomo ya mishipa iliyosalia. Ua linakufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Ya ndoo ya pili yaliingia maji safi papo hapo shambani, nikayakata ncha upya yakiwa chini ya maji, nikaondoa majani ambayo yangezama. Ya tatu yalipata hayo yote, na zaidi yake sukari kidogo, asidi ya sitriki ya kuyashusha maji hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, ya karibu 3.5, na klorini kiasi cha kuwazuia bakteria. Sukari ni chakula cha tumba ambalo limetengwa na mmea wake. Lakini ukitia sukari bila dawa umewaandalia bakteria karamu. Nimewaona watu wakifanya hivyo na kulaumu mmea.

Mtihani wa pili ni wa gesi. Ethilini haionekani, hutoka kwenye matunda yanayoiva, kwenye moshi wa magari, hata kwenye maua yenyewe yanapozeeka. Mwaka 1901 mwanafunzi mmoja wa Urusi, Dimitry Neljubow, ndiye aliyegundua kwamba gesi hii ndiyo iliyokuwa ikipotosha miche yake ya njegere ndani ya maabara iliyowashwa taa za gesi. Ninyi hamhitaji maabara. Chukua mashina matano, yafungie kwenye sanduku pamoja na matunda mabivu kwa usiku mmoja, na matano mengine kwenye sanduku lisilo na tunda. Asubuhi tikisa. Ukiona petali au maua mazima yamemwagika chini upande wa matunda tu, umejua tabia yake ya kwanza mbaya.

Na tabia mbaya si hukumu ya kifo. Kuna kichaka cha Australia Magharibi kiitwacho Chamelaucium, maua yake madogo yanang'aa kama yametengenezwa kwa nta. Kilikuwa na ugonjwa huo huo: kinasafiri kizuri, kinafika maua yamebaki chini ya boksi. Dawa iliyokisaidia ni mchanganyiko wa fedha na thiosalfati, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao huzuia ua lisiisikie ethilini. Leo kichaka hicho ni zao la biashara mbali sana na kwao. Tatizo lililopatiwa jina hutafutiwa dawa. Lile ulilolificha kwa sababu ua ni zuri ndilo litakalokufilisi.

Protea, kichaka cha maua cha kusini mwa Afrika, ina kisa chake. Vichwa vyake hukaa wiki kadhaa, imara kama vimechongwa, lakini majani huweza kuwa meusi ndani ya siku chache. Kwa muda mrefu lawama zilikwenda huku na huko, mara ukungu, mara joto. Kumbe sehemu kubwa ni njaa. Kile kichwa kikubwa huendelea kutengeneza nekta hata baada ya kukatwa, na sukari yake hukikamua kwenye majani mpaka yakaishiwa. Ukiyaweka penye mwanga, majani huendelea kujitengenezea chakula na weusi hupungua. Yaani mgonjwa aliyekuwa akifungiwa kwenye boksi la giza alikuwa akiomba dirisha. Napenda kisa hiki kuliko vyote, kwa sababu jibu lilipatikana kwa kuuliza mmea unafanya nini kule porini wakati huo.

Safari nitaipitia haraka. Maua mengi ya nchi za baridi hutunzwa karibu na nyuzi 0 hadi 2. Yale ya misitu ya joto, kama heliconia na anthurium, huungua kwa ubaridi wa chini ya nyuzi 10 hivi, yakapata madoa meusi. Gladioli ukizilaza, ncha zake hujipinda kuelekea juu na hazinyooki tena. Mmea wako uko kundi gani? Hakuna atakayekuambia. Weka boksi moja baridi, jingine vuguvugu, moja lilaze, jingine lisimamishe.

Sasa twende shambani, na hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi huzikwa.

Mkulima mzuri ana hulka ya ukarimu: maji zaidi, mbolea zaidi, udongo mweusi. Mimea mingi ya porini haikuzoea ukarimu. Hiyo hiyo protea na jamaa zake wameishi maelfu ya vizazi kwenye mchanga maskini, wakaota mizizi ya ajabu iliyosongamana kama brashi, kazi yake ni kunyonya kila chembe ya fosforasi iliyopo. Mtilie mbolea ya kawaida yenye fosforasi uone. Mizizi ile haijui kukataa, inanyonya hadi mmea unapata sumu na kufa. Kwa hiyo kabla hujapanda, chukua udongo wa pale mmea ulipoota, na wa shamba lako, upime vyote viwili.

Mbegu nayo ina masharti yake. Watu walihangaika miaka mingi na mbegu za fynbos, vichaka vya kusini kabisa mwa Afrika, hazioti. Walijua huota baada ya moto, wakadhani ni joto. Wakazipasha moto, wapi. Mwaka 1990 watafiti De Lange na Boucher walionyesha kwamba mbegu za mmea mmoja adimu, Audouinia capitata, zilihitaji moshi. Moshi mtupu, bila moto. Mwaka 2004 watafiti wa Australia wakaipata kemikali yenyewe ndani ya moshi inayoiamsha mbegu. Siku hizi watu hupitisha moshi kwenye maji, wakaloweka mbegu humo. Nyingine hutaka kukwaruzwa ganda, nyingine baridi, nyingine kukaa tu mwaka mmoja zikingoja. Ukikusanya mbegu zako, usizimwage zote kitaluni siku moja. Zigawe mafungu, kila fungu lipate mateso yake, na uandike.

Kuna mmea uitwao Eustoma, wauza maua huuita lisianthus. Mnaujua, unafanana na waridi laini. Asili yake ni mbuga za nyasi za Marekani, Texas na majirani zake, ambako ulikuwa na rangi ya bluu inayoelekea zambarau na ulichumwa porini mno. Wajapani waliuchukua, wakaanza kuuzalisha miaka ya 1930, wakautoa waridi, mweupe, wa petali zilizorundikana. Mbegu zake ni vumbi, ukipiga chafya umepoteza shamba. Lakini ugumu wake mkubwa ni huu: mche mchanga ukipata joto jingi hukaa chini, majani yamejibandika ardhini kama sahani, na hausimami. Wakulima wameulaani kwa hilo. Ukiujua kwao, utauelewa. Kule mbugani huota, hukaa chini majira yote ya baridi, kisha husimama na kuchanua hali ya hewa inapobadilika. Ule mche wa sahani unangoja baridi ambayo haiji. Ukiupa ubaridi ungali kitaluni, unaondoka kwenye foleni ya kungoja.

Alstroemeria ya Chile na Brazili nayo hutazama udongo badala ya hewa. Matunguu yake yakikaa kwenye udongo baridi hutoa mashina ya maua. Udongo ukipata joto, hutoa majani matupu. Wakulima wa Uholanzi hupitisha mabomba ya maji baridi chini ya matuta. Mtu asiyejua hilo angepuliza hewa baridi juu ya majani, alipe umeme, asipate kitu.

Mimi mwenyewe nilipata somo langu kwa Gloriosa, lile ua la kutambaa lenye petali zilizopinda nyuma kama ndimi za moto. Tunguu lake lina umbo la herufi V, na chipukizi hutoka kwenye ncha tu. Mwaka wangu wa kwanza nilivuna matunguu kwa jembe, kwa pupa, nikayajaza kreti kama viazi. Mengi yalikuwa makubwa, manono, yanapendeza. Nikapanda, nikamwagilia, nikangoja. Karibu kreti nzima haikuota, kwa sababu nilikuwa nimevunja ncha. Nyama yote ilikuwepo, jicho halikuwepo. Tangu siku hiyo tunachimba kwa mikono, na kwa glavu, maana mmea wote una sumu kali ya kolchisini. Hapo hapo niongeze: sumu hiyo ndiyo wazalishaji wa mimea huitumia kuongeza mara dufu kromosomu, yaani nyuzi za urithi, za mche ili wapate maua makubwa zaidi. Ua moja limebeba hatari ya kumuua mtu na chombo cha kutengenezea maua mengine.

Ukishajua tabia, ndipo uchague. Porini hakuna mimea miwili inayofanana: huyu ana shina refu, yule anachanua wiki tatu mapema, wa tatu hajaguswa na vidukari ilhali jirani zake wamefunikwa. Mnunuzi anataka mashina kumi kwenye shada moja yalingane kama askari. Kwa hiyo tembea katikati ya mamia, usichukue la kwanza lililokuchekea. Na pale mmoja asipokuwa na sifa zote, mchanganye na nduguye. Gerbera mnayoiona kila harusi ilitoka Barberton, Afrika Kusini, miaka ya 1880, ua jekundu la jua kali. Katika bustani ya mimea ya Cambridge, miaka ya 1890, Richard Lynch aliichanganya na nduguye asiyevutia hata kidogo, Gerbera viridifolia, na rangi zikaanza kumiminika. Huyo ndugu asiyevutia ndiye ninayetaka mmkumbuke mkiwa kilimani. Kakusanyeni na wabaya.

Machotara mengi hayazai mbegu, na kwa ua la kukata hiyo ni heri, kwani ua lisilozaa halina haraka ya kunyauka. Itabidi ulizidishe kwa vipandikizi, kwa kugawa matunguu au kwa kukuza vipande vya tishu zake kwenye chupa, na hapo jihadhari na virusi, maana mmea unaogawanywa mwaka hadi mwaka hurithisha maradhi yake yote. Porini mmea ulijificha kati ya majirani wa kila namna. Ukiwapanga elfu kumi mstari mmoja, mdudu hana haja ya kutafuta. Anayewaambia kwamba mmea wa asili hauhitaji ulinzi kwa kuwa umezoea wadudu wa kwao hajawahi kuulima.

Mtaniuliza itachukua muda gani. Afrika Kusini walianza kuizalisha Lachenalia, ua la tunguu, miaka ya 1960. Ilifika soko la dunia mwishoni mwa miaka ya 1990, tena kama ua la chungu. Sisemi kwamba kila mmea utakula miaka thelathini. Ila ukikopa pesa za benki ukitarajia kulipa kwa msimu wa pili, umejidanganya. Ushauri wangu kwa mwenye mtaji mdogo ni kuingia kwa mlango wa nyuma: usishindane na waridi kuwa ua kuu la shada. Tafuta mmea wa kujazia, wa majani, wa vijiua vidogo vidogo. Mfungaji wa mashada huogopa kubadili ua kuu, lakini wa kujazia hujaribu kila wiki. Hivyo ndivyo Solidago, iliyohesabika gugu kandokando ya barabara za Marekani, ilivyoingia kwenye mashada ya dunia.

Sasa niwalipe deni la jina.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye mkutano kama huu nikausifu mmea mmoja, nikautaja, nikataja na upande wa mlima unakoota. Nilijiona mwalimu. Msimu uliofuata nilipanda kule kuchukua mbegu, nikakuta mashimo. Hawakuwa wamekata maua. Wamechimba mizizi, wamejaza magunia. Sina shaka mingi ilikufa kwenye mashamba yenye mbolea nzuri. Waliochimba hawakuwa waovu, walikuwa wasikilizaji wangu.

Ndiyo maana leo nasema habari za ndoo na si za mahali. Hata kukata maua tu kuna gharama. Protea nyingi hutunza mbegu zao kwenye vichwa vikavu juu ya kichaka, miaka kwa miaka, zikingoja moto. Kila kichwa unachokata ni mbegu ambazo hazitakuwepo moto ukipita. Mimi kwenye kilima nakata kidogo kuliko ninavyoacha, na sirudi kwenye kichaka kile kile mwaka unaofuata.

Kuna pia suala la nani anakula. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, aliukuta mmea mdogo wa zambarau kwenye misitu ya Usambara, akaupeleka kwao. Ukawa moja ya maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani, na huko Usambara misitu yake imepungua hadi baadhi ya jamaa zake wako hatarini kutoweka. Zama zile hakuna aliyeuliza ruhusa. Sasa kuna Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika 2014, zinazotaka kibali cha nchi na mgawo wa faida kwa wenye mmea na wenye maarifa yake. Kibali kitakuchosha, makaratasi yatakuudhi, lakini kipate kabla hujakusanya mbegu ya kwanza. Na ukifanikiwa kuzalisha aina mpya, iliyo tofauti na nyingine, ambayo mimea yake hufanana na haibadiliki kizazi hadi kizazi, mfumo wa haki za wazalishaji uliotiwa saini Paris mwaka 1961 unaweza kukulinda. Mmea wa porini kama ulivyo si wako, hata kama wewe ndiye uliyeuona kwanza.

Kesho alfajiri nitapanda kilimani na watu wasiozidi wanane. Maua yamefunguka nusu tu, ni wakati wa kuweka alama kwenye mimea mama, turudi baada ya miezi miwili mbegu zikikauka. Anayetaka kuja aandike jina kwa dada aliyekaa pale mlangoni. Mlete utepe wa rangi na penseli. Wino wa kalamu hufutika mvua ikinyesha. Jembe liacheni nyumbani.